Hadhira ya Taarabu ya Tanga

Katika miaka ya 1960, Black Star ya Tanga iliingiza gitaa na besi za umeme katika taarabu. Kundi likawa dogo, na mwendo mwepesi wa kuchezeka. Lakini hadhira haikuvutwa na ala peke yake. Ilijengwa arusini, ambako msikilizaji huinuka na fedha mkononi, akamtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa, na kwa tendo hilo akaufanya kauli yake mbele ya jirani zake. Basi atakaye kuikuza sanaa hii kwa ukumbi wa watu walioketi kimya atapata watazamaji, asipate hadhira. Na mhakiki asomaye maneno pasipo kuuliza nani aliinuka, amesoma nusu ya shairi.