Mwaka 0: Uhakiki wa Grafu za Utegemekaji wa Vituo vya Maji Vijijini

Programu za uchanganuzi wa kihandisi huchora grafu ya Weibull kwa kutumia umri wa kifaa kilipoharibika. Takwimu za Wizara ya Maji ya Tanzania, zilizotumika katika shindano la Pump it Up, zina vituo 59,400 vyenye hali inayojulikana. 22,824 kati yake havifanyi kazi. Hata hivyo, vituo 20,709 vimeandikiwa mwaka wa ujenzi 0. Programu isipoelekezwa huuchukua kuwa mwaka halisi, na pampu ikapewa umri wa karne ishirini. Kasoro ya pili ni kwamba mkaguzi aliandika hali aliyoikuta, si siku kituo kilipoharibika. Hivyo umri unaochorwa ni wa ukaguzi. Tatu, kituo huhesabiwa kuwa kitu kimoja, ilhali pampu, injini na bomba, kila kimoja kikiwa na utegemekaji wa 0.9, huupa mfumo mzima 0.73 tu. Fundi wa Endabash, wilayani Karatu, anayetaka kujua aweke akiba ya kipuri kipi, hapati jibu katika grafu hiyo, hata ikiwa nadhifu. Jibu hilo lahitaji daftari la matengenezo lenye tarehe na jina la kifaa kilichoharibika.