Mapenzi Tumeyasoma, Risiti Ziko Wapi?

Kuna hadithi moja ambayo vijana wa Bongo tunaiandika mara mia kwa majina tofauti. Dada mmoja mwenye duka lake, au mshahara wake, anapata bwana kwenye simu. Bwana ana sauti nzito na Kiingereza cha puani, anadai ni injinia wa mgodi pale Nyamongo, au ana hoteli ya watalii upande wa Mugumu. Ukurasa wa tatu dada anatuma hela. Ukurasa wa tano anafunga safari kutoka Tarime kwenda Serengeti kumwona. Ukurasa wa sita haonekani tena. Halafu inanyesha mvua, fisi analia, inspekta anawasha sigara, na mambo yanakwisha kwa pingu.

Nina swali la kishamba: ule mshiko ulikwenda wapi?

Maana katika hadithi hizi pesa inatumwa kisha inayeyuka. Mwandishi anasema "alimtumia pesa nyingi", halafu huyoo, anakimbilia usiku na damu. Nyingi kiasi gani? Kwa namba ipi? Jina gani lilitokea kwenye simu kabla dada hajaweka namba ya siri? Nani alizitoa, saa ngapi, kwa wakala gani? Hajui, na wala hana mpango wa kujua. Sasa kama mwandishi hajui, mpelelezi wake atajulia wapi? Ndo maana muuaji anapatikana kwa bahati nasibu: mtu kasikia maongezi baa, mwingine kaota, jamaa kaungama mwenyewe bila hata kuulizwa.

Ugonjwa huu tumeurithi. Mohammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, alitupa mtu wa kiko anayefumbua siri za watu kwa kufikiri. Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kupigana na maadui wa ukombozi wa Afrika tangu Kufa na Kupona ya 1974. Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango na Nuru wake. Wote nawapigia saluti. Siku zile noti ilikuwa noti tu, ikitoka mfuko huu kwenda mfuko ule haikuacha hata harufu (ingawa Mtobwa huyohuyo ana kitabu alichokiita Pesa Zako Zinanuka). Bwana Msa hana kosa la kutodai risiti. Lakini M-Pesa iliingia nchini 2008, zikafuata Tigo Pesa, ambayo siku hizi ni Mixx by Yas, na Airtel Money na wenzao. Sasa hata hela ya mchicha ina ujumbe wake wenye namba ya kumbukumbu, tarehe, saa na dakika. Ukimwandika tapeli wa leo kwa mbinu za 1974, unaandika hadithi ya kale bila kujijua.

Hebu tumsome tapeli mwenyewe kama tunavyosoma fasihi. Kila mwenye simu Tanzania anaujua ule ujumbe maarufu: "Ile hela tuma kwa namba hii." Washikaji wanaucheka. Mimi nauheshimu. Angalia neno "ile". Mwandishi wake hakusalimu, hakujitambulisha, hakueleza kitu. Kwa neno moja amedokeza kwamba kuna mazungumzo yaliyotangulia, kuna ahadi, kuna watu wawili wanaoaminiana. Aliyekuwa kweli anajiandaa kumtumia mtu hela siku hiyo anajaza mwenyewe yaliyobaki. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kufungua hadithi namna hiyo?

Tapeli wa mapenzi yeye anaandika riwaya ya mfululizo, kila siku kipande, kama zile za magazetini. Na kila kipande kina bei. Mwanzoni anaomba vocha, au haombi kabisa, anatuma yeye zawadi kidogo. Halafu mama yake analazwa. Halafu kuna mzigo umekwama forodhani, unahitaji kukombolewa. Hapo kwenye kukomboa ndipo penye ufundi: kuanzia hapo dada hatumi tena kwa ajili ya mapenzi peke yake, anatuma ili zile za kwanza zisipotee. Ipange miamala kwa tarehe, utaona hofu inavyopanda. Elfu ishirini. Elfu hamsini. Laki. Kimya wiki mbili. Kisha laki nne, saa saba usiku. Ile ya saa saba usiku ni sura nzima, bwana! Alikuwa amekaa wapi? Alikopa kwa nani, au ni za kikoba? Kwa nini hakusubiri kupambazuke? Flaubert aliyajua haya mwaka 1857. Watu wanaikumbuka Madame Bovary kwa wapenzi wa Emma, lakini kamba iliyomnyonga ni hati za madeni alizokuwa akizisaini kwa mfanyabiashara Lheureux, na mwandishi anatuonyesha zinavyozaliana mpaka wadai wanakuja kukamata vyombo vya nyumbani kwa deni la faranga 8,000.

Hesabu ya namna hii inatupunguzia pia haraka ya kuhukumu. Dada akipotea, hadithi zetu ziko mbiombio kusema alijitakia, tamaa ya dhahabu, tamaa ya mzungu. Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika (1971), ya binti wa Ukerewe, hakumwacha baba mtu wala jamii ipite hivihivi. Wanaomwiga wamebakiza adhabu ya binti, mashtaka yale mengine wameyatupa. Kwa Tarime kosa hili ni kubwa zaidi. Kwa Wakurya mwanamke mwenye mali si kioja. Kuna desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake ili apate warithi. Mali ya mwanamke huko ina zizi, ina mashahidi, ina historia. Mwandishi anayemchora dada wa Tarime kama mjinga mwenye pochi hajauliza hiyo pochi ilijazwaje.

Halafu kuna kufuata unyayo. Huko Mara ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa na watu wanafuata kwato. Unyayo ukiingia kijiji fulani, kijiji hicho kinatakiwa kuonyesha ulikotokea upande wa pili. Kikishindwa, kinabanwa kulipa. Sijaona ufundi wa kupanga hadithi ya upelelezi ulio bora kuliko huo: kila sura ipokee unyayo, na iukabidhi kwa sura inayofuata. Tuujaribu kwenye noti.

Unyayo wa kwanza ni laini iliyopokea hela. Tangu Januari 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, kwa hiyo namba ina jina na jina lina kitambulisho cha NIDA. Mwandishi mvivu anarukia hapo: jina limepatikana, kamata! Wee, subiri kwanza. Jina linaweza kuwa la bibi mmoja wa kijijini aliyekwenda kwa vijana wa miamvuli kusajili laini yake, akaambiwa kidole hakijasoma, weka tena, akaweka tena. Ile mara ya pili ilisajili laini ya mtu mwingine. Bibi hajui, wala hajawahi kusikia kwamba ukipiga *106# unaona laini zote zilizo chini ya kitambulisho chako. Asubuhi anagongewa na askari, anaulizwa habari za mapenzi ya mtandaoni. Hapo kuna mwanamke wa pili aliyeibiwa, na hadithi zetu bado hazijamwona.

Unyayo wa pili uko kwa wakala. Hela ikitolewa inatoka kwenye mtandao na kurudi kuwa karatasi, na kwato zinaingia kwenye jiwe. Kuna daftari la kaunta, kuna kijana mwenye kaunta anayemkumbuka mteja kwa sababu alimmalizia floti yote asubuhi. Toka hapo njia zinachanua. Ikienda Sirari, shilingi yetu inageuka ya Kenya kwa mwendo wa dakika chache kwa miguu, upande wa pili ni Isebania. Ikienda mnadani inageuka ng'ombe, na ng'ombe akisafirishwa anatakiwa awe na kibali. Mjini tunaona ng'ombe kama mandhari tu. Kule anaweza kuwa kielelezo cha mahakamani.

Na kuna jambo ambalo mtunzi angelitunga tungemwambia anazidisha chumvi. Tarime iko chini ya mkoa wa kipolisi wa Tarime/Rorya, wenye kamanda wake. Serengeti iko chini ya kamanda wa Mkoa wa Mara. Dada anaripotiwa kupotea Tarime, hela zake zinatolewa Mugumu: tayari unyayo umevuka kutoka kwa kamanda mmoja kwenda kwa mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa polisi njia ya kudai kumbukumbu za simu. Lakini barua lazima iandikwe na mtu, isainiwe na mtu, ifuatiliwe na mtu. Mtu huyo ndiye mpelelezi wangu. Hana bastola. Ana jalada.

Mnaodhani hilo halina msisimko, sikieni kisa cha kweli. Kule Australia Magharibi maofisa walikuwa wakikagua fedha zinazotumwa na wakazi wao kwenda Afrika Magharibi, na kuwaandikia watumaji barua za kuwatahadharisha. Mama mmoja mjane wa miaka 67, ambaye alikuwa ametuma makumi ya maelfu ya dola kwa mpenzi wa mtandaoni, aliandikiwa. Barua ilifika akiwa ameshaondoka kwenda Johannesburg kukutana na mpenzi huyo. Februari 2013 alikutwa amekufa huko, vitu vyake vya thamani havipo. Mwaka uliofuata mtu mmoja alikamatwa Nigeria kuhusiana na utapeli huo. Ona, pesa ilikuwa imeshasema kabla hajapanda ndege. Barua iko sandukuni, abiria yuko angani. Nitajie bastola yoyote ya Willy Gamba inayoshinda hapo.

Lakini tusiiabudu miamala. Nayo inadanganyika. Patricia Highsmith katika The Talented Mr. Ripley (1955) anamfanya Tom Ripley amuue Dickie, kisha amweke hai kwa miezi kwa kuandika barua zake na kusaini makaratasi yake ya benki. Simu inafanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi. Mwenye simu na namba ya siri ndiye mwenye jina. Kwa hiyo sura ninayoisubiri kutoka kwa mmoja wenu, na nitaisoma hata ikiwa na makosa ya tahajia, ni hii: siku tatu baada ya dada kupotea, simu ya mama yake inalia. Umepokea shilingi elfu kumi. Jina la mtumaji ni la binti yake. Kituoni wanamwambia basi mama, yuko hai, kaenda kwa bwana, nenda nyumbani. Mama anarudi Tarime kwa gari la jioni. Hataki kuitoa ile elfu kumi. Amefungua ujumbe, anasoma saa na dakika, anampa kijana wa kaunta asome tena, na anamuuliza: mwanangu, hii imetokea wapi?