Mfumaji wa Mbwa na Paka

Josef Čapek alisomea ufumaji kabla hajawa mchoraji, na ufumaji huo haukumtoka. Wengi humkumbuka kama kaka wa Karel, mwandishi wa tamthilia, aliyempa mdogo wake neno ambalo hata sisi tunalitamka leo: roboti. Mimi nampima kwa kitabu cha watoto alichokitoa mwaka 1929, akakichora mwenyewe, kinachosimulia mbwa na paka waishio nyumba moja na kutaka kuyaendesha mambo kama watu. Sakafu yao imechafuka na brashi hawana, basi paka anamkamata mbwa mwenye manyoya magumu na kusugulia. Sakafu imelowa, zamu ya mbwa kumkamata paka, laini kama taulo, na kukaushia. Sasa wachafu ni wao, kwa hiyo wanafuana, wanaanikana kambani, na mvua ikidondoka wanaruka chini mbio kuanua nguo, yaani wao wenyewe. Kosa ni moja tu, la mwanzoni. Yanayofuata yote yanakwenda kwa akili timamu. Chomoa uzi mmoja uone kama kitambaa hakifumuki.

Sisi tuliozoea hadithi inayofungwa kwa funzo tutauliza: funzo liko wapi? Swali halali. Lakini itazame keki yao. Wanatia unga, maziwa na sukari, kisha matango, mifupa, panya na kila wanachokipenda, kwa hesabu kwamba vitamu vingi vitazaa utamu mwingi. Mtoto wa miaka mitano anaona hesabu ilipopinda kabla ya wapishi wenyewe, na sentensi moja ya kuonya ingemnyang'anya ushindi huo. Siku hizi kazi hufanywa kinyumenyume: funzo hutangulia, wanyama hutafutwa baadaye walibebe kama punda wa kukodi, na kitabu hutoka upesi. Watoto hawadanganyiki, hukifunika.

Labda sifa hizi ni huruma tu kwa kifo cha Čapek? La. Kitabu kilikuwa na miaka kumi mikononi mwa watoto wa Kicheki Wajerumani walipomkamata, tarehe 1 Septemba 1939. Walimpitisha Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen, wakamfikisha Bergen-Belsen. Alifia huko Aprili 1945, akiwa na miaka 58. Siku yenyewe haijulikani.