Mtego wa Uzi na Kioo

Mwaka 1903 Mjerumani Carl Georg Schillings alirudi katika nyika za Wamaasai, pande za Kilimanjaro, na kwenye mizigo ya wapagazi wake mlikuwa na vioo. Picha zake zilipigwa juu ya mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa, bamba moja kwa picha moja. Mpagazi akijikwaa, kazi ya siku nyingi imepasuka. Joto likizidi wakati wa kusafisha picha, dawa hulainika na kubanduka kama utando wa maziwa.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa ya usiku. Jioni ng'ombe au punda hufungwa awe chambo, jambo ambalo bado linanisikitisha. Karibu yake hutegwa uzi, nao huungwa na kamera na unga wa magnesiamu unaowaka na kumulika gizani. Hebu itazame mikono inayofunga uzi ule. Ukiukaza mno, upepo utaufyatua. Ukiulegeza, simba atausukuma kwa kifua na kisitokee kitu. Unga ukiingiwa na unyevu hauwaki, na ukichanganywa ovyo humlipukia mwenyewe. Tena unga na kamera sharti vifyatuke kwa pamoja, la sivyo kioo hubaki kitupu. Na fisi akitangulia, usiku huo umekwisha.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kulenga. Mpiga picha analenga mahali patupu, kungali na mwanga, akikisia mnyama atatokea upande gani na ataruka umbali gani. Kisha anaondoka. Kukisia huko hakuji bila kuzisoma nyayo, upepo na njia za kwendea maji kwa miezi.

Ndivyo ilivyopatikana picha ya simba jike anayemnyemelea ng'ombe, katika kitabu cha mwaka 1905, *Mit Blitzlicht und Büchse*. Kabla ya hapo, simba wa vitabuni aghalabu alikuwa wa kuchorwa. Schillings alikuwa mwindaji pia, aliua wengi, na hilo halifutiki. Baadaye aligeuka mtetezi wa wanyama na ndege.

Jina lililoandikwa kwenye jalada ni lake peke yake. Lakini vioo vile vilivuka nyika juu ya vichwa vya wapagazi. Ukizitazama picha hizo, wakumbuke na wao.