Chombo cha Mshairi, Chombo cha Mfinyanzi

Hakuna neno lililosafiri katika ushairi wa Kiswahili kuliko neno chombo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliifananisha dunia na bahari iliyochafuka, na baada yake vizazi vya washairi wa mwambao na visiwa vimekipakia chombo hicho kila aina ya shehena. Chombo kikienda mrama, hiyo ni dola iliyokosa nahodha. Kikipwelewa, hiyo ni ndoa. Kikizama, hiyo ni nafsi iliyosahau marejeo yake. Fumbo hili limezaa tungo nzuri ajabu, wala si haki kulidharau. Walakini lina ila moja isiyo budi kutajwa: bahari imekuwa fumbo la kila kitu isipokuwa bahari yenyewe. Katika tungo hizo bahari huogopwa, hushukuriwa na hulaumiwa, lakini haihesabiwi. Hata methali husema kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni methali ya watu waliouamini upwa, wasiodhani kuwa iko siku mtu ataugaagaa kutwa na jioni akala wali wake mkavu vile vile.

Ila hiyo huonekana vyema zaidi pale ambapo neno chombo lina maana mbili kwa siku moja. Ikombe ni kijiji cha Wakisi katika Wilaya ya Kyela, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Kwa nyuma kimebanwa na Milima ya Livingstone, mbele yake ni maji, na ardhi ya kulima ni haba. Wanaume huvua na wanawake hufinyanga, na vyungu hupakiwa katika mitumbwi kupelekwa Matema, viuzwe au vibadilishwe kwa chakula. Chombo kimoja hubebwa na maji, na chombo kingine huyabeba maji. Mshairi wa pwani anakijua kile cha kwanza. Cha pili kina mdomo, tumbo na kitako, na mwenye kukifinyanga hawezi kusahau kuwa kina kiasi chake.

Ziwa lenyewe ni chungu cha namna hiyo. Kina chake hufikia kiasi cha mita 700, lakini hewa wanayoihitaji samaki huishia katika mita mia mbili na kitu za juu. Chini ya hapo maji hayana pumzi, na samaki hawakai. Rutuba nyingi imelala huko chini, na hupandishwa hasa na pepo za kusini-mashariki za Mei hadi Agosti, ndugu wa kusi lile lile linalojaza matanga ya washairi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kuwa maji ya kina kirefu yaliongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.7 kati ya mwaka 1939 na 1999. Anayeishi nchi kavu ataliona hilo kuwa jambo dogo, lakini katika ziwa la namna hii joto likizidi, maji ya juu na ya chini huwa mazito kuchanganyika, na mlo wa samaki hupungua. Naye mbasa, samaki mwenye magamba ya fedha, hupanda mito wakati wa mvua ili akazae. Akifika mdomoni mwa mto hukuta nyavu zinamngoja, na akizipita hukuta tope lililoshuka kutoka mashamba ya juu. Chungu hakijapasuka, lakini kilichomo kinapungua.

Je, sheria imekisoma chungu hiki vizuri zaidi kuliko ushairi? Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Mwingereza, uliandika mpaka wa Nyasa kwa kufuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi mdomo wa Mto Songwe. Malawi imeshikilia maandishi hayo. Tanzania, hasa tangu mwaka 1967, imesema kuwa mpaka upo katikati ya maji. Mabishano yakapamba moto tena mwaka 2012, wakateuliwa wasuluhishi miongoni mwa marais wastaafu, akiwemo Joaquim Chissano wa Msumbiji na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, na hadi leo hayajaisha. Kwa usomaji mmoja, mwanamke wa Ikombe akitosa chungu chake ufukoni amechota Malawi. Kwa usomaji mwingine amechota Tanzania. Mbasa hakuulizwa katika usomaji wowote. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kifungu cha sita cha mkataba huo kiliruhusu mipaka irekebishwe kwa maafikiano, kulingana na mahitaji ya mahali penyewe. Mlango uliachwa wazi, lakini mahitaji ya mahali kama Ikombe hayajaupita.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulikwenda mbali zaidi. Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Tanzania katika majadiliano yake, kisha akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari tangu 1996 hadi 1999. Mkataba huo haulihusu ziwa la maji baridi kama Nyasa, lakini ndani yake mna neno ambalo Ikombe ingelielewa mara moja: nchi ya pwani imepewa maili 200 za uchumi, na pamoja nazo wajibu wa kupima ni samaki kiasi gani wanaweza kuvuliwa. Haki haikutolewa bila kipimo.

Hapo ndipo mshairi anapostahili lawama kubwa zaidi, kwa kuwa kipimo ni kazi yake. Huhesabu mizani nane za ukwapi na nane za utao, wala haruhusu ya kumi na saba. Tena arudhi yenyewe huziita aina za tungo bahari. Mtu ambaye kila bahari anayoitunga ina kiasi chake, vipi bahari anayoitazama dirishani aiimbe kama isiyo na kikomo?

Pawepo insafu. Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), aliyetuachia diwani ya Kimbunga mwaka 1994, aliijua bahari kwa mikono kabla ya kuijua kwa kalamu. Wala si kazi ya shairi kuwa kanuni ya uvuvi. Ila kanuni peke yake haiwezi kulinda maji usiku, doria ikiwa imelala. Kisiwani Pemba viko vijiji vilivyokubaliana kuifunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, na mwenye kulinda hapo ni neno walilopeana watu na haya ya kulivunja. Ziwa Tanganyika lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Maafikiano ya aina hiyo huhitaji lugha ambayo mvuvi hataionea ugeni, naye mvuvi hajapata kumwita mbasa rasilimali. Lugha hiyo wanayo washairi, ila wameishughulisha na safari nyingine.

Mfinyanzi hulia gaeni, husema wahenga, kwa kumcheka anayewatengenezea wengine vyombo na yeye akabaki na kigae. Washairi wa Kiswahili wameitengeneza bahari kwa maneno kwa karne nyingi. Wasipoanza kuipima, watakuja kuiimba wakiwa wameshika gae lake.