Mhamaji, Mzururaji na Mtangatangaji: Uteuzi wa Msamiati katika Uhakiki
Ni rahisi kwa mhakiki wa riwaya ya Kiswahili kuyatumia maneno mhamaji, mzururaji na mtangatangaji kana kwamba ni visawe. Hoja yetu ni kuwa maneno haya huafikiana katika dhana ya mwendo tu. Katika hukumu hutengana.

Tuanze na sarufi. Kitenzi hama huzaa hamia, nacho hudai kikomo: mtu huhamia mahali. Kwa hivyo mhamaji ana atokako na aendako, mathalani mfugaji wa Turkana afuataye maji na malisho. Kitenzi zurura hakidai kikomo. Mtu huzurura mjini, na mji huo ni uwanja wa mwendo wake, si mwisho wake. Tangatanga nacho, kwa uradidi wake, hudokeza mtafutaji asiyepata. Huyu huonewa huruma, mzururaji hulaumiwa.

Lawama hiyo ina historia. Nchini Tanzania, kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwakamata watu mijini kwa jina la uzururaji, wakiwemo waliokuwa wakijitafutia riziki. Kenya nayo iliifuta sheria yake ya uzururaji mwaka wa 1997.

Mhakiki anayemwita mhusika asiye na kazi mzururaji huwa, basi, ameketi upande wa askari kabla ya kuusikiliza ushahidi wa matini. Sharti kwanza aulize: nani analitamka neno hilo, msimulizi, jirani au dola?