Mchezo wa Tartuffe na kucheka mambo ya dini

Vijana wa parokia yetu walitaka kucheza Tartuffe, mchezo wa Molière, siku ya sikukuu. Wazee wawili wa baraza walikataa: mtu asicheke mambo ya Mungu. Basi tuliusoma tena, kurasa zote, kabla ya kusema neno.

Tartuffe ni mtu mwenye sala nyingi mdomoni. Aingiapo mara ya kwanza, akiisha kumwona mtumishi wa kike, anapaza sauti ili asikike akiagiza vazi lake la toba na mjeledi wake vitunzwe. Orgon, mwenye nyumba, amepofuka kabisa: anaambiwa mke wake aliugua homa, naye anauliza habari za Tartuffe tu. Anataka kumwoza binti yake, anamwandikia mali yake yote, na huku mgeni huyo anamtongoza mke wa mwenyeji wake. Mahali hapo tulicheka, kisha tukanyamaza, maana watu wa namna ile tumewaona, na rozari ndefu mkononi.

Mchezo ulionyeshwa Versailles mwaka wa 1664, ukakatazwa. Mwaka wa 1667 askofu mkuu wa Paris alitangaza kwamba atakayeutazama au kuusoma atatengwa na Kanisa. Mfalme Louis XIV akauruhusu mwaka wa 1669. Askofu yule hakuwa mjinga. Watu wakizoea kumcheka mnafiki apigaye magoti, kesho watamcheka na mwenye kusali kweli. Hofu hiyo ni ya haki. Walakini Molière hazidhihaki sakramenti wala jina la Mungu. Anamvua mtu kinyago. Nabii Eliya naye, juu ya mlima Karmeli, aliwadhihaki manabii wa Baali.

Tena kuna jambo linalotuuma. Sisi makatekista tumecheka hadharani matambiko ya babu zetu, hata mbele ya wazee waliofiwa, wala hatukuuliza kama tuliwaumiza. Je, tuliocheka ya wenzetu tutadaije yetu yasiguswe? Kuhoji imani ni halali, iwe yao au yetu. Lakini kumdhihaki mtu aliye na machozi si kuhoji.

Kasoro ya mchezo ni mwisho wake: mjumbe wa mfalme anafika ghafula, anawaokoa wote, na sifa za mfalme zinazidi. (Mtunzi alihitaji ruhusa, tunaelewa.) Hata hivyo tumewaambia vijana waanze mazoezi. Mmoja wa wale wazee aliazima kitabu, bado hajakirudisha.